Vyuma vya Meno kwa Wasiopenda Kuonekana Navyo

Miongoni mwa watu wazima wanaomwendea tabibu wa meno kutaka safu yao inyooshwe, wako wengi wasiohofia maumivu wala urefu wa matibabu kama wanavyohofia macho ya watu: wakili anayesimama mahakamani, mwalimu mbele ya wanafunzi wake, bibi arusi ambaye siku yake imekaribia, kila mmoja ana sababu yake ya kutopenda kucheka na kudhihirisha chuma kinachometameta. Ni kwa ajili ya hao vilibuniwa vifaa vyenye rangi ya jino au vinavyopitisha nuru, navyo ni vya namna mbili ambazo wateja huzichanganya, ilhali tofauti yake ni kubwa.

Namna ya kwanza ni vibano vya kauri, vilivyoanza kutumika katika miaka ya 1980, ambavyo hubandikwa kwa gundi maalumu kwenye uso wa kila jino na kuunganishwa kwa waya, sawasawa na vile vya chuma. Malighafi yake ni oksidi ya alumini, na vingine hukatwa katika fuwele moja, ambayo kwa asili yake ndiyo yakuti, isipokuwa hii imekuzwa kiwandani. Kauri yenyewe haishiki rangi kwa wepesi. Kinachoshika ni vile vipete vya mpira vinavyofunga waya kwenye kibano, ambavyo mlo mmoja wa mchuzi uliokolea manjano hutosha kuvigeuza vikawa kama kitambaa cha jikoni, na mwenye navyo hana la kufanya ila kungoja mpaka atakaporudi kwa tabibu abadilishiwe. Fauka ya hayo, kauri ni ngumu kuliko ganda la jino, hata jino la juu likisuguana na kibano cha chini huweza kulika. Na siku ya kuvibandua, huenda kimojawapo kikavunjika, au kikaondoka na chembe ya jino lenyewe, basi kazi hiyo yataka mkono uliozoea.

Namna ya pili ni ala za plastiki angavu, zinazovikwa juu ya meno na kuvuliwa. Wazo la kuyasogeza meno hatua kwa hatua kwa kifaa kinachoyafunika yote lilitolewa mwaka 1945 na tabibu Mmarekani, Harold Kesling, walakini kazi ya kuvitengeneza kimoja kimoja kwa mkono ilikuwa nzito mno, hata mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliosoma pamoja Stanford, walipoanzisha huko California kampuni ya Align Technology na kuikabidhi kompyuta hesabu hiyo. Meno hupigwa picha, kompyuta hupanga mwendo wake, kisha hutolewa mfululizo wa ala, kila moja ikilisukuma jino kadiri ya robo ya milimita tu. Huvaliwa juma moja au mawili, ikafuatwa na nyingine. Sharti ikae kinywani saa 20 hadi 22 kwa siku, ivuliwe wakati wa kula na wa kunywa chochote isipokuwa maji, maana chai ya moto huipinda. Hapo ndipo penye mtihani. Karamuni mgeni huivua, akaifunga katika karatasi laini kando ya sahani ya biriani, na mwenye kukusanya vyombo akaitupa pamoja na mifupa. Hata huko kutoonekana kwake kuna mpaka, kwani mara nyingi hubandikwa juu ya meno vinundu vidogo vya rangi ya jino ili ala ipate pa kushikia.

Vifaa hivi vyote, pamoja na vya chuma, havizidiani kwa jambo moja: jino halijui limesukumwa na nini. Mzizi wake umeshikwa na nyuzi nyembamba katika tundu la taya. Upande unaobanwa mfupa hulika, upande unaoachwa mfupa mpya hujengeka, na mwendo huo aghalabu ni kadiri ya milimita moja kwa mwezi. Anayeahidi safu mpya kwa majuma machache ni wa kutiliwa shaka. Kwa rai yangu, meno yaliyosongamana kidogo yafaa ala, maadamu mwenyewe ana nidhamu. Jino lililozunguka sana juu ya mzizi wake, au chonge iliyokwama juu ufizini, aghalabu lataka vibano na waya. Na mtoto msahaulifu asinunuliwe ala.

Kwetu Afrika Mashariki yapo mengine mawili. Wengi waliokulia Arusha na miteremko ya Kilimanjaro, ambako maji yana floridi nyingi, wana meno ya rangi ya kahawia, na ganda lililoathirika sana halishiki gundi vizuri. Tabibu na aambiwe mapema. La pili ni mwanya. Sisi wa pwani twauhesabu kuwa haiba, lakini kompyuta haikufunzwa kuusifu, nayo itauziba pamoja na kasoro nyinginezo asipotokea wa kuizuia. Anayeupenda aseme kabla ala hazijatengenezwa.

Na kabla ya kutia saini, muulize tabibu kama bei aliyoitaja imejumuisha kifaa cha kuyashikiza meno baada ya matibabu, kwa sababu nyuzi zile hupenda kuyarudisha yalikotoka, na kifaa hicho huvaliwa usiku kwa miaka mingi.