Kioo cha Webb Kilianza na Swali la Baridi

Januari 27, 1967, moto uliwaka ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa bado ardhini, Florida, wakati wa zoezi. Wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walifariki dunia. Chumba chao kilijazwa oksijeni tupu, na ndani mlikuwa na nyavu za nailoni na vipande vingi vya Velcro vya kushikizia vitu. Katika oksijeni ya namna hiyo, vitu hivyo hushika moto na kuwaka kwa kasi ya kutisha. Inauma kwamba masharti makali yalikuja baada ya msiba: nailoni ikaondolewa, kikaletwa kitambaa cha nyuzi za kioo.

Malighafi ya chombo cha anga hutakiwa kuhojiwa mapema, michoro ingali michanga. Itavumilia joto gani, na mionzi gani? Hata gundi na rangi zina kesi ya kujibu, kwa sababu katika ombwe hutoa mvuke unaoweza kuganda kwenye lenzi. Sampuli hupashwa kwa nyuzi 125 za Selsiasi kwa saa 24 ndani ya ombwe; ikipoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake, kwa kawaida hukataliwa.

Darubini ya James Webb iliruka Desemba 25, 2021, lakini malighafi ya kioo chake kikuu iliamuliwa mwaka 2003. Webb hutazama mwanga wa infraredi, na kifaa chenye joto hutoa mwanga huohuo, kikaififisha nyota inayotafutwa. Kwa hiyo kioo kilipaswa kufanya kazi kwenye baridi inayopita nyuzi 220 chini ya sifuri. Ikachaguliwa beriliamu, metali nyepesi na ngumu ambayo katika baridi hiyo karibu haibadiliki umbo tena. Si chaguo rahisi: vumbi lake ni sumu kwa mapafu, na mafundi walilazimika kujikinga.

Njiani kuelekea baridi hiyo, hata hivyo, beriliamu hujikunja kidogo. Vipande vyote 18 vya kioo hicho vilisuguliwa katika joto la kawaida, vikapelekwa Huntsville, Alabama, vikapozwa na kupimwa. Kisha vikasuguliwa tena kwa kupindishwa makusudi, kiasi kwamba baridi ya anga ndiyo ingevinyoosha. Kazi hiyo ilikula miaka, na muda wake ulipatikana kwa sababu uamuzi wa malighafi haukungoja.