Wazito Kuliko Wote: Rekodi za Hevi Metali Zilizo Jirani Yetu

Kutoka Njombe kwenda Ludewa unapita Mlangali, na ukiendelea mbele unaingia nchi ya chuma. Takwimu za serikali zinasema Liganga ina tani milioni 126 za chuma, na makaa ya mawe ya Mchuchuma yako wilaya hiyohiyo. Wapangwa waliyeyusha chuma na kufua majembe zamani, kabla ya Mjerumani kufika. Kwa hiyo nikisema kwamba hevi metali ni muziki uliozaliwa kiwandani, kati ya mashine na mabati, msomaji wa huku hana sababu ya kuuona mgeni.

Ajali iliyozaa muziki mkubwa kuliko ajali nyingine yoyote ninayoijua ilitokea Birmingham, Uingereza, mwaka 1965. Tony Iommi, kijana wa miaka 17, alikuwa kazini kwa siku ya mwisho katika kiwanda cha mabati pale mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vilivyobonyeza nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole, akaweka nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zikatoa mngurumo wa chini ambao dunia haikuwa imeuzoea. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka Februari 1970, na Julai 2025 waliagana na mashabiki katika mji uleule walimozaliwa.

Wimbo mfupi kuliko zote nao unatoka maeneo hayohayo. Bendi ya Napalm Death iliuweka kwenye albamu yake ya mwaka 1987, na kitabu cha rekodi cha Guinness kinautaja kuwa na urefu wa sekunde 1.316. Kabla hujageuza shingo, umekwisha.

Rekodi ninayoipenda zaidi ina damu ya Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja Septemba 1946, familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na huko akawa Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Wengi wanajua kwamba mkusanyiko wao wa nyimbo bora ndio albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, na kwamba mwaka 2022 mkusanyiko huo ulikuwa wa kwanza huko kufikisha nakala milioni 7. Kisichosemwa sana ni mchango wake kwa muziki mzito. Mwaka 1974 Queen walirekodi Stone Cold Crazy, wimbo wao wa kwanza kuandikwa kwa jina la wanabendi wote wanne. Una kasi na hasira ambayo bendi za Marekani zilikuja kuifanya mtindo miaka ya 80. Metallica, mojawapo ya bendi hizo, waliurudia, na mwaka 1991 wakapata Grammy ya uimbaji bora wa metali kwa wimbo huo. Aprili 1992, katika onyesho la kumkumbuka Freddie pale Wembley, James Hetfield wa Metallica aliuimba akisindikizwa na Queen, na kwenye gitaa alisimama Tony Iommi, yuleyule wa vidole vilivyokatwa. Mtoto wa Unguja aliwakutanisha jukwaani wakubwa wa fani hii baada ya yeye mwenyewe kufariki. Hapo ninaona heshima inayozidi Grammy yenyewe.

Metalikoo ni tawi la baadaye. Ilipatikana pale vijana wa miaka ya 80 na 90 walipochanganya magitaa ya metali na punki kali ya hadikoo: sauti moja inapasuka kwa kelele, nyingine mara nyingi inaimba kwa utulivu, kisha katikati ya wimbo mwendo unakatwa ghafla na kuwa mzito ili umati uruke kwa pamoja. Bendi iliyopanda juu sana kutoka shina hilo ni Bring Me the Horizon. Walianza mwaka 2004 Sheffield, mji unaojulikana kwa chuma cha pua, na mwaka 2019 albamu yao ikashika namba moja Uingereza kwa mara ya kwanza.

Huku kwetu metalikoo ilipata nyumba Nairobi, na jina kubwa ni Last Year's Tragedy. Hawa ni vijana wa mjini waliojifunza kunguruma bila shule ya kunguruma, katika jiji lililopata kuwa na redio ya roki, X FM. Sikubali kupima safari ya bendi kama hiyo kwa nakala ilizouza. Huko Nairobi mwenye gitaa zito analipia mazoezi mwenyewe na kukodi spika mwenyewe. Bendi inayofika albamu katika hali hiyo imefanya jambo gumu kuliko bendi ya Sheffield yenye lebo, meneja na basi la ziara.

Kwa kasi, Afrika Mashariki haina mpinzani wa karibu. Singeli ya Mburahati na Manzese hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, mwendo ambao wapiga dramu wengi wa metali huufikia kwa jasho na hawaudumishi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na Ulaya ikashangaa. Lebo hiyohiyo, Agosti 2020, ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotoka kwenye bendi za metali: Martin Khanja kwenye sauti, Sam Karugu kwenye gitaa na mashine. Hawakuwa na mpiga dramu, kompyuta ndiyo iliyopiga. Nyimbo ni tisa, na kwa masikio yangu ndiyo rekodi kali kuliko zote zilizowahi kutoka ukanda huu. Inatisha kweli, na imepangwa kwa akili.

Baadaye Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alianzisha lebo yake na mwaka 2024 akatoa albamu ya The Adept. Ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefika cheo cha field marshal katika Mau Mau, aliyebaki msituni hadi Kenya ilipopata uhuru na kuzitunza rasta zake mpaka mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Ukijua hilo, kelele za kitukuu huyo zinakuwa na ukoo.

Kwa umri, muziki mzito hauna la kujivunia mbele ya wazee wetu. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar kilianza mwaka 1905. Bendi ya Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikabadili majina kadiri chama cha wafanyakazi kilivyobadilika. Siri ya Msondo haikuwa kipaji peke yake. Vyombo vilikuwa mali ya chama, mwanamuziki alikuwa na mshahara, na akiondoka mmoja gitaa lilibaki likimsubiri mwingine. Bendi za metali za Nairobi na Kampala hazikupata mlezi wa namna hiyo. Mpiga gitaa akihama, anahama na gitaa lake.

Ndiyo maana bendi iliyosubiri kuliko zote inanigusa. Panda treni ya TAZARA Makambako, nenda hadi mwisho wa reli yenye kilomita 1,860, utashuka Kapiri Mposhi, Zambia. Nchi hiyo miaka ya 70, wakati Rais Kaunda ameagiza redio zipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95, ilizaa roki yake yenyewe, na vinara wake walikuwa WITCH, wakiongozwa na Emanuel "Jagari" Chanda. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukayumba, wizi wa kanda ukala mauzo, na ukimwi ukachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari aliacha jukwaa akafundisha, baadaye akawa mchimbaji wa vito. Wenzake wa mwanzo walifariki mmoja baada ya mwingine hadi akabaki yeye.

Sahani zao zikachapishwa upya ng'ambo, vijana wa Ulaya wakazitafuta, na filamu kuhusu bendi ikatoka mwaka 2019. Jagari akakusanya kikosi kipya, akiwemo Patrick Mwondela aliyepiga kinanda na WITCH miaka ya 80. Juni 2023 walitoa Zango, albamu ya kwanza ya bendi hiyo baada ya karibu miaka 40, iliyorekodiwa Lusaka. Jagari alikuwa amevuka miaka 70, na akaondoka nayo kwenda ziarani.