Hamira ya Busaa Imo Ndani ya Kimea

Anayetaka kupika pilsner ya Kicheki nyumbani huanza kwa kuchagua hamira. Bia hiyo, ambayo Josef Groll aliipika mara ya kwanza mjini Plzeň mwaka 1842, huumuliwa na hamira inayopenda baridi, nyuzi 10 hivi, kisha hulazwa wiki kadhaa penye baridi zaidi. Katika mitaa ya Nairobi kama Kibera au Kawangware, hiyo ni friji ya kulipiwa umeme mwezi mzima. Mpishi wa busaa, bia ya kienyeji ya mahindi na wimbi, haihitaji. Joto la chumbani Nairobi linamtosha. Hamira ya pakiti pia hanunui. Lakini anaichagua vilevile, pale sokoni anapoinamia gunia la kimea.

Kimea ni wimbi lililolowekwa, likafunikwa lichipue, kisha likaanikwa juani. Kuchipua huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Juu ya punje hizohizo huishi hamira ya asili pamoja na bakteria wanaoitia busaa uchachu wake. Gorogoro moja ya kimea, basi, inafanya kazi ya shayiri ya pilsner na ya pakiti ya hamira kwa pamoja.

Kichague kwa pua na meno. Punje nzuri huvunjika kwa wepesi na kuacha utamu kidogo ulimini, na vimizizi vyake vimekauka bila kushika ukungu. Chenye uvundo kiache, hata muuzaji akikupunguzia bei. Kilichokaushwa juu ya moto mkali nacho hakifai: vimeng'enya vimeshakufa, na utakachopata ni uji mchachu usiolevya.

Kando ya kimea, unga wa mahindi hukandwa na maji, ukaachwa siku mbili tatu uchachuke, ndipo ukakaangwa kwenye karai pana au bati. Huo ndio mkarango. Anayeugeuza kwa sepeto hapumziki, maana ukisahaulika kidogo unaungua chini huku katikati ya mabonge kungali kubichi. Ukiiva una rangi ya hudhurungi na harufu inayofika hadi kwa jirani. Moto umeufungua wanga ili vimeng'enya viufikie, lakini mkarango sharti upoe kabisa kabla ya kukutana na kimea na maji.

Kwenye mahindi sina mzaha. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu wa mahindi, iliua watu 125 mashariki na katikati mwa Kenya. Kukaanga na kuchachua haviiondoi yote. Mahindi yaliyokataliwa kwa ugali kwa sababu ya kuvu yasigeuzwe "mahindi ya busaa".

Wenye haraka hutia kijiko cha hamira ya mkate. Haidhuru, ni Saccharomyces cerevisiae, jamii ileile inayopatikana ndani ya busaa. Ila yenyewe haileti bakteria wa uchachu, na ikitangulia kumaliza sukari, kileo hukolea upesi na ladha ikabaki nyuma. Mimi siipendi.

Siku mbili hadi nne baada ya kuchanganywa, busaa huchujwa na kunywewa. Ndani yake hamira ingali hai na inaendelea kutoa gesi, kwa hiyo usikaze kifuniko cha jerikeni, na usitarajie iliyo tamu leo iwe tamu kesho kutwa.