Shilingi 20,000 Zinanunua Hadithi Kiasi Gani?

Mwezi ukianza, nyumba nyingi hapa Dar es Salaam hutenga hela ya burudani kabla hata ya kujua kitakachoangaliwa. King'amuzi kinalipiwa, bando linanunuliwa, na kijana wa nyumba anaomba chake cha gemu. Riwaya haimo kwenye bajeti, kwa kuwa watu wanaiona ghali. Naomba tuipige hesabu hiyo upya, maana katika njia zote hizi kitu tunachokinunua ni kilekile: hadithi. Na hadithi ina ubora unaoonekana, awe mtu amesoma fasihi au hajasoma.

Tuanze na hesabu ya haraka. Tuseme kifurushi ni sh 20,000 kwa mwezi, nanyi mnaangalia tamthilia saa mbili kila siku. Hizo ni saa 60, sawa na sh 330 hivi kwa saa. Riwaya ya kurasa 200 ya sh 12,000 humalizwa kwa kama saa saba, kwa hiyo saa moja imefika sh 1,700. Gemu ndiyo inayotisha. Red Dead Redemption 2 ilipotoka Oktoba 2018 iliuzwa dola 59.99, tukikadiria dola moja kwa sh 2,600, ni karibu sh 156,000. Kisa chake kikuu huchukua kama saa 50, yaani zaidi ya sh 3,100 kwa saa, na hapo bado hujanunua mashine ya kuichezea. Kwa hesabu hii tamthilia imewaacha wenzake mbali.

Tatizo ni kwamba tumehesabu muda wa kukaa mbele ya runinga, hatukuhesabu muda ambao hadithi inasogea. Kipimo chake kila mfuatiliaji anacho. Umekwenda msibani mkoani, umekaa wiki mbili, umerudi na kumuuliza shemeji umepitwa na nini. Anakujibu: "Hujapitwa na kitu, bado yule bwana hajajua kwamba mtoto si wake." Sehemu kumi za saa nzima nzima zimeingia zote katika jibu hilo. Siri ilikuwa ifichuke tangu Jumatatu, lakini kila mwenye kuisema akifungua mdomo simu inalia, au mgeni anabisha hodi, au yeye mwenyewe anazirai. Saa 10 zimebeba kisa cha dakika tano. Ukiendelea hivyo mwezi mzima, zile saa 60 zinakupa nusu saa ya hadithi, na saa moja ya hadithi inakuwa imekugharimu sh 40,000. Hakuna riwaya inayouzwa bei hiyo.

Siamini kwamba waandishi wa tamthilia hawajui kazi. Wanaandika kadiri wanavyolipwa, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuangalia kwanza. Chukua za Kituruki, ambazo tumezizoea zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Kule Uturuki sehemu moja huonyeshwa kwa wiki na huweza kufika saa mbili, kwa sababu usiku mmoja mrefu unabeba matangazo mengi ya biashara. Ikishauzwa nje, hukatwa vipande vifupi, na masimulizi ambayo tayari yalikuwa yamevutwa huko yanagawanywa kwa mamia ya jioni huku. Sisi tunalipia urefu uliotengenezwa kwa ajili ya watangaza sabuni wa Istanbul.

Wala sisemi hayo kwa kuzidharau. Muhteşem Yüzyıl, ambayo wengi hapa nyumbani waliijua kwa jina la Sultan, ilikuwa na usimulizi wa hali ya juu kwa muda mrefu. Kifo cha İbrahim Paşa kinauma kwa sababu kimetayarishwa: tumemwona akipanda kutoka utumwani hadi kuwa mtu wa kwanza baada ya mfalme, tumemwona kiburi kikimwingia taratibu, tumemwona akigombana na Hürrem, mke wa mfalme huyo, hadi mmoja wao ikabidi aondoke. Lakini tamthilia hiyo ilikwenda sehemu 139 kati ya 2011 na 2014. Mwandishi wake Meral Okay alifariki Aprili 2012 na kalamu ikashikwa na mwingine. Mwaka uliofuata Meryem Uzerli aliyemwigiza Hürrem aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Sultani ni yuleyule na kasri ni lilelile, ila waliobeba moyo wa kisa wamekwisha kuondoka. Mtazamaji aliyekomea kwenye kifo cha Paşa, kwa maoni yangu, alipata sehemu bora na hakudaiwa zaidi.

La Casa de Papel ni mfano wa aina nyingine. Ilipoonyeshwa Hispania mwaka 2017 kwenye kituo cha Antena 3 ilikuwa na sehemu 15, na kisa kilifungwa: wezi wameingia, wamechapa fedha, wametoka, waliokufa wamekufa. Netflix wakazikata upya zikawa 22, dunia ikaipenda, ndipo zikaongezwa 26 za wizi mwingine. Katika nyongeza hizo Berlin, mmoja wa wezi, aliyekufa mwishoni mwa wizi wa kwanza, anarudishwa kila mara kwa kumbukumbu za nyuma. Mauti yaliyotukata pumzi yakapunguzwa thamani, kwani muigizaji anapendwa na ada ya mwezi inatakiwa iendelee kuja. Aliye na muda mchache aangalie zile za mwanzo tu. Ni hadithi kamili.

Kufupisha nako kuna madhara yake. Game of Thrones ilikuwa na deni lililolipwa vizuri kuliko karibu yote niliyoyaona kwenye runinga. Msimu wa kwanza, 2011, Robb Stark anataka kuvusha jeshi darajani, na mzee Walder Frey anampa njia kwa ahadi ya ndoa. Robb anaoa mwingine. Mwaka 2013, katika sehemu ya 9 ya msimu wa tatu, Frey anadai chake, na anakidai harusini. Watu walilia, lakini hakuna aliyeweza kusema ameonewa na mwandishi, kwa kuwa ahadi tuliisikia wote. Misimu ya mwisho ikakimbizwa. Mfalme aliyetumia mwezi mzima njiani hapo mwanzo alirithiwa na watu wanaovuka bara lote kati ya onyesho na onyesho, na msimu wa nane wa 2019 ulikuwa na sehemu sita tu za kufunga mambo yote. Zaidi ya watu milioni 1 walitia saini kutaka urudiwe. Ukiununua mfululizo huo leo, nunua ukijua kwamba nusu ya kwanza ni imara kuliko ya pili.

Huku kwetu ugonjwa wa kuvuta hadithi umeingia hata kwenye simu. Simulizi za WhatsApp huanza bure, sehemu kumi za kwanza, kisha unatumiwa namba ya kulipia elfu moja au mbili uingizwe kwenye kundi. Wapo wenye vipaji humo, tena vikubwa, na napenda kuona vijana wakisoma Kiswahili usiku kucha. Lakini anayelipwa kwa sehemu ataongeza sehemu. Utaona mhusika anaamka, anaoga, anapiga mswaki, anavaa, anafika mlangoni, kisha "itaendelea". Mwandishi anayeuza kisa kizima kwa bei moja, hata ikiwa sh 5,000, ananishawishi zaidi, kwa sababu hana faida yoyote ya kunichelewesha mlangoni.

Sasa rudi kwenye riwaya ya sh 12,000. Katika Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, baba yake Rashidi ni kuli wa bandari ya Unguja na anafia kazini. Rashidi anakua na mwishowe anaangukia kazi ileile. Kuanzia hapo kila gunia analolibeba lina uzito wa kifo cha baba yake, na mgomo wa makuli wa 1948 unapofika hatuhitaji kuhubiriwa kwa nini anaungana nao. Tumeshajua. Kifo kile cha mwanzo kinafanya kazi hadi ukurasa wa mwisho. Ukiruka sura moja utapotea, na hilo ndilo ninalolipia.

Vuta N'kuvute ya mwandishi huyohuyo, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, inakupa nafasi ya kulinganisha, kwa kuwa Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Filamu ni nzuri sana kwa macho, na kwa mtu mwenye saa moja na nusu tu ni ununuzi wa haki. Lakini kitabuni Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anapata muda wa kubadilika mbele yetu. Anatoroka, anakataliwa na watu wake, anapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo, anajifunza furaha kabla ya kumpenda Denge na siasa zake. Filamu imelazimika kubana safari hiyo. Kama una uwezo wa kimoja, chukua kitabu. Kitabu pia kitapita mikononi mwa watu watano pale nyumbani bila kulipiwa tena, na kwa hesabu hiyo saa yake moja imeshuka hadi sh 340, karibu sawa na king'amuzi.

Kuhusu gemu, wazazi wengi wanadhani hazina hadithi. Zile za bure za kwenye simu, ambazo hela yake iko kwenye kuuza almasi na mavazi, kweli hazina ya maana. Lakini Red Dead Redemption 2 ina usimulizi unaoshinda tamthilia nyingi. Arthur Morgan, jambazi, anatumwa mapema kudai deni kwa mkulima mgonjwa aitwaye Thomas Downes. Anampiga, na mkulima anamkoholea damu usoni. Mchezaji anasahau. Baada ya saa nyingi sana Arthur mwenyewe anaanza kukohoa, anaanguka mjini Saint Denis, daktari anamwambia ni kifua kikuu. Ni wewe uliyebonyeza kitufe cha kupiga. Hakuna kitabu wala runinga inayoweza kukutwisha jambo namna hiyo.

Kwa bei ndogo kuna Tales of Kenzera: Zau ya 2024, dola 19.99 ilipotoka, iliyoongozwa na Abubakar Salim, muigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake. Unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba, na njiani wanakaa chini ya mbuyu na kuzungumza juu ya huzuni. Mapigano yake hujirudia, lakini mazungumzo yale yana ukweli, na kisa kinamalizika kwa saa nane hivi bila kukuomba senti nyingine.

Gharama iliyojificha ni mashine, ambayo mpya ni zaidi ya milioni, na bando, maana Red Dead hupakuliwa kwa zaidi ya GB 100. Kwenye kibanda cha gemu cha kulipia kwa saa utafurahia gemu ya mpira, ila gemu ya hadithi haifai huko: kelele ni nyingi, na mchezaji anayekufuata anaweza kufuta ulipofikia. Mwenye mashine tayari atafute diski badala ya kupakua, kwa kuwa diski huuzwa tena au kubadilishwa na ya rafiki, huku gemu iliyopakuliwa ikibaki kwenye akaunti yako. Diski iliyokwisha tumika iombe ichezwe mbele yako mpaka kisa kifunguke. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ina diski mbili, moja ya kuingiza na moja ya kuchezea, na wauzaji wengine hukupa moja tu.