Chura wa Kihansi na Umeme Wetu

Chura tumjuaye sisi wakazi wa Butimba, Mwanza, aghalabu ni yule mnene mwenye vinundu, ajaye barazani usiku kuokota wadudu waangukao chini ya taa, ambaye mbwa asiye na uzoefu akithubutu kumng'ata humtema papo hapo huku akitokwa na povu, kwani tezi zilizo nyuma ya macho ya chura huyo hutoa sumu. Huko Colombia wako vyura wadogo wa rangi ya kung'aa ambao sumu yao ni kali zaidi, hata wenyeji wa msituni walikuwa wakiipaka kwenye vishale vyao vya kuwindia. Na ajabu ni kwamba vyura hao huipata sumu katika wadudu wanaowala, hivyo wakizaliwa na kulelewa vizimbani kwa chakula kingine hawawi nayo kabisa.

Amma nchi yetu inaye chura wake, jamaa ya yule wa barazani, ambaye kisa chake chatuhusu kuliko hao wa ng'ambo. Mnamo mwaka 1996, ilhali ujenzi wa mtambo wa umeme wa Kihansi umekwisha kuanza, wataalamu, miongoni mwao Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimkuta katika korongo la mto Kihansi, kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa, chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye jike lake halifikii sentimita tatu. Makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta mbili za majani na kuvumwani, zilizolowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko ya maji. Wala jike hatagi mayai mtoni kama vyura wengi: watoto hukua tumboni mwake, na ngozi ya tumbo ni nyembamba hata mtu aweza kuwaona ndani, kisha huzaliwa wakiwa vyura kamili, wa urefu wa milimita tano hivi, pasipo kupitia maisha ya viluwiluwi majini.

Mtambo ulipoanza kazi, wenye uwezo wa megawati 180, sehemu kubwa mno ya maji ya mto iligeuzwa ikapita katika handaki, na manyunyu yakapungua mno. Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliweka mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, na vyura wakaanza kuongezeka. Lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, na tangu 2005 hakuonekana hata mmoja. Sababu zingali zajadiliwa: ukungu uuao vyura ulimwenguni kote ulikutwa pale, na tope lililofunguliwa kutoka bwawa la mtambo lilibeba dawa za mashambani. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini.

Bahati njema, mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikwisha pelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wengi wao walikufa, kwa kuwa haikujulikana barabara wale nini wala wamulikwe kwa taa gani. Lakini huko Bronx, na baadaye katika bustani ya wanyama ya Toledo, Marekani vilevile, wafugaji walijifunza kwa subira, na mwaka 2010 vyura mia wakarejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiliwa korongoni. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa jamii ya vyura iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa makwao.

Walikuwapo waliouliza, wengine kwa ghadhabu, kwa nini fedha zitumike kwa chura ilhali kuna watu wenye njaa. Swali hilo si la kudharauliwa, lakini halituondolei dhima, maadamu umeme wa Kihansi huingia katika gridi ya Taifa, nayo ndiyo iwashayo taa zetu hapa Mwanza. Tena sisi wa kando ya Ziwa Victoria tulikwisha pata hasara ya namna hiyo pasipo mtu kuileta hoja: baada ya sangara kutiwa ziwani miaka ya 1950, furu wa aina nyingi, samaki wadogo wenye rangi za kila namna, walitoweka katika Ghuba ya Mwanza katika miaka ya 1980, na wataalamu hukadiria kuwa aina takriban 200 zimepotea katika ziwa zima. Walio wengi miongoni mwa furu hao hawakupata ndege ya kwenda New York.

Yamkini hatuwezi kuacha kuzalisha umeme, wala sisemi tuache. Bali Kihansi uchunguzi wa viumbe ulifanywa baada ya kazi kuanza, na hapo ndipo kosa lilipo. Mradi wowote ujao wa mto au wa ziwa, na usimamishwe mpaka walio humo ndani wamehesabiwa.