Uume Usiolala: Kutoka kwa Mungu Priapus Hadi Wodi ya Dharura

Katika mji wa kale wa Pompeii, Italia, ukiingia nyumba ya akina Vettius unakutana na mchoro wa ukutani uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Ni Priapus, mungu wa uzazi, akiwa na mizani: upande mmoja kaweka uume wake mkubwa ajabu, upande wa pili mfuko wa fedha. Chini kuna kikapu cha matunda.

Ibada yake ilishamiri Lampsacus, mji wa Kigiriki uliokuwa katika Uturuki ya leo. Warumi walipompokea, walichonga sanamu zake kwa mti na kuzisimika bustanini zilinde mazao na kuwatisha wezi. Kwao uume uliosimama daima ulikuwa neema.

Kwa daktari ni dharura. Priapizimu, maradhi yaliyopewa jina la mungu huyo, ni uume kusimama zaidi ya saa 4 pasipo hamu ya tendo la ndoa. Mara nyingi damu huingia ikakosa njia ya kutoka. Oksijeni iliyomo huisha, maumivu yanapanda, tishu zinaanza kufa. Zikipita siku moja au mbili bila tiba, makovu hubaki ndani na nguvu za kiume huweza kupotea kabisa.

Dawa za kusimamisha uume, hasa za sindano, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na kokeini huweza kuleta hali hii. Lakini kwa watoto wa kiume chanzo kikuu ni selimundu: chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu hukwama kwenye mishipa midogo. Mara nyingi huanza usiku. Mvulana anaamka alfajiri na maumivu, anajifunika shuka, anaona aibu kumwambia mama. Hata vipindi vifupi vinavyojirudia na kuisha vyenyewe ni onyo, navyo daktari aelezwe.

Hospitalini damu iliyokwama huvutwa kwa sindano, kisha hudungwa dawa ya kubana mishipa. Ikishindikana, upasuaji hufanyika. Barafu haimfai mwenye selimundu, kwani baridi huchochea chembe kukwama.

Mzazi mwenye mtoto wa kiume anayeishi na selimundu, zungumza naye mapema, kabla hajabalehe. Mwambie hali hii ikimtokea akuamshe hata usiku wa manane, nawe mpeleke hospitali bila kusubiri kupambazuke.