Major Taylor: Bingwa wa Dunia Aliyeipata Nafasi Ughaibuni

Marshall Walter Taylor, anayejulikana zaidi kwa jina la Major Taylor, alikuwa Mmarekani mweusi aliyeshiriki mbio za baiskeli za uwanjani tangu miaka ya 1890 hadi mwaka 1910. Tarehe 10 Agosti 1899, mjini Montreal nchini Kanada, alitwaa ubingwa wa dunia wa maili moja akiwa na umri wa miaka 20. Kabla yake, mtu mweusi aliyekuwa ameshika ubingwa wa dunia katika mchezo wowote alikuwa mmoja tu, naye ni bondia George Dixon wa Kanada. Jack Johnson, ambaye jina lake limevuma zaidi, alipata mkanda wa uzito wa juu miaka tisa baadaye.

Taylor alizaliwa Indianapolis, jimbo la Indiana, tarehe 26 Novemba 1878. Baba yake, Gilbert, alikuwa askari katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kisha akawa mwendeshaji wa gari la farasi la familia ya kizungu yenye mali. Mtoto alikwenda naye kazini, akazoeana na kijana wa nyumba ile, na ndiko alikopewa baiskeli yake ya kwanza. Alipokuwa bado kijana mdogo aliajiriwa na duka la baiskeli ili avute wateja kwa sarakasi mbele ya mlango. Alizifanya akiwa amevaa sare ya kijeshi, na watu wakaanza kumwita Major, yaani Meja.

Wakati huo baiskeli ilikuwa ndiyo kwanza imepata umbo linalofahamika leo, lenye magurudumu mawili yaliyo sawa, mnyororo na tairi za upepo. Kasi iliongezeka ghafla, na viwanja vya mbio vikajengwa katika miji mingi ya Marekani na Ulaya. Mabingwa wa mbio hizo walilipwa fedha nyingi na kujaza kurasa za magazeti.

Baiskeli ya uwanjani haina breki wala frii-wili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo huzunguka, na mwendeshaji hawezi kutuliza miguu huku chombo kikienda. Njia ni duaradufu lenye kona zilizoinuliwa upande wa nje. Adui mkubwa wa mwendeshaji ni upepo. Anayetangulia huukata kwa nguvu zake, anayemfuata kwa karibu hujikinga nyuma yake na kuhifadhi pumzi. Ndiyo maana mbio fupi nyingi huanza polepole, kila mmoja akimvizia mwenzake, mpaka mita mia chache za mwisho ambapo mmoja huchomoka.

Jambo hilo ndilo linaloeleza mateso ya Taylor uwanjani. Washindani wakiwa watano au sita, wanaweza kupatana kimyakimya: mmoja akae mbele, mwingine ubavuni, wa tatu nyuma, na anayelengwa abaki kifungoni mpaka mstari wa mwisho upitwe. Waendeshaji wazungu wa Marekani walimfanyia hivyo mara nyingi, kisha wakagawana zawadi. Taylor alijibu kwa kukuza ustadi wa aina mbili. Alijifunza kupenya katika upenyo mwembamba ambao wengine waliogopa kuugusa, na alijizoeza kuchomoka kwa mkupuo mmoja kiasi kwamba waliopanga kumzuia walikuwa wamechelewa. Watazamaji waliusifu mtindo huo kama kipaji cha kuzaliwa. Ukweli ni kwamba sehemu yake kubwa ilitokana na kuzingirwa.

Milango ilifungwa mapema. Mwaka 1894 chama kikubwa cha waendesha baiskeli nchini humo, League of American Wheelmen, kilizuia watu weusi kuwa wanachama, ingawa kanuni hiyo haikuwaondoa moja kwa moja katika mashindano. Mwaka uliofuata Louis Munger, mzungu aliyewahi kuwa mshindani na sasa akitengeneza baiskeli, alimhamishia Worcester, Massachusetts, ambako hali ilikuwa na nafuu. Kiangazi cha 1896 Taylor alirudi Indianapolis na kuivunja rekodi ya maili moja ya uwanja wa mji huo. Rekodi haikuandikwa rasmi, na yeye akazuiwa kushindana tena hapo.

Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 18, aliingia mbio za kulipwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Alianza kwa kumshinda Eddie Bald, mmoja wa waliokuwa na kasi kubwa Marekani, kwenye nusu maili. Kisha akashiriki mbio za siku sita, ambazo washindani huzunguka usiku na mchana kwa usingizi wa vipande vipande. Alimaliza wa nane baada ya kwenda zaidi ya kilomita 2,700. Baada ya hapo alijikita katika mbio fupi.

Ubingwa wa Marekani ulihesabiwa kwa pointi zilizokusanywa katika viwanja vingi, vikiwemo vya kusini mwa nchi. Mwaka 1897 waandaaji wa kusini walikataa kumpokea, na kwa hilo ubingwa ukamponyoka, hata kama miguu yake ilikuwa tayari. Mwaka huohuo, huko Taunton, Massachusetts, mshindani mmoja alimvuta kutoka kwenye baiskeli mbio zilipokwisha na kumkaba koo mpaka akazimia. Hata hivyo, katika misimu ya 1898 na 1899 aliweka rekodi kadhaa za dunia. Mwaka 1900 akawa bingwa wa Marekani bila ubishi.

Mbaptisti huyu alishika ahadi ya kutoshindana Jumapili. Ulaya, Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya kujaza viwanja, kwa hiyo alikataa mikataba minono. Waandaaji wa Ufaransa walipokubali kumpangia siku nyingine, alivuka bahari mwaka 1901. Mshindani aliyesubiriwa zaidi alikuwa Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa 1900. Walikutana Parc des Princes, Paris, tarehe 16 Mei, kukiwa na baridi, na Jacquelin akashinda. Tarehe 27 Mei walirudiana na Taylor akamshinda.

Safari hiyo ilionyesha kitu ambacho Marekani ilikificha. Mapambano mengi aliyopangiwa Ulaya yalikuwa ya watu wawili. Mbele ya mpinzani mmoja hakuna wa kuziba ubavu wala wa kukaa nyuma, na kila mtu huonekana alivyo. Huko Taylor aliwashinda mabingwa wa nchi mbalimbali.

Tarehe 21 Machi 1902 alimwoa Daisy Morris. Mwishoni mwa mwaka huo walikwenda Australia, nchi iliyokuwa imetunga sheria ya kuzuia wahamiaji wasio wazungu mwaka mmoja tu nyuma, lakini umati ulimpokea kwa shangwe. Katika safari ya pili, msimu wa 1903 na 1904, Wamarekani kadhaa walimfuata na njama za kumzingira zikahamia huko. Aligongwa na kuumia vibaya Melbourne. Mei 1904 binti yake alizaliwa Sydney na kupewa jina Rita Sydney.

Aliporudi nyumbani alikuwa amechoka mwili na akili, akaacha mbio kwa zaidi ya miaka miwili. Alirejea Ufaransa mwaka 1907, na mwaka 1910 akastaafu. Biashara alizojaribu Worcester hazikusimama, afya ikadhoofika, na mali ikaisha kidogokidogo. Aliandika kitabu kuhusu maisha yake, kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1920, akakiuza mwenyewe mlango kwa mlango. Alifariki Chicago tarehe 21 Juni 1932 katika wodi ya wasiojiweza, akazikwa kwenye kaburi lisilo na jina.

Mwaka 1948 waendeshaji wa zamani wa kulipwa walifukua mabaki yake kwa fedha za Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha baiskeli, na kuyazika upya chini ya jiwe lenye maandishi. Chama kilichowafungia weusi mlango mwaka 1894 kilifuta rasmi kanuni hiyo mwaka 1999. Indianapolis, mji uliomzuia baada ya rekodi yake, ulifungua uwanja wa mbio za baiskeli mwaka 1982 na kuuita Major Taylor Velodrome.